Kugandisha diski si kutunza kazi

SWALI: Nina steshenari Morogoro, kompyuta sita. Fundi aliniwekea Deep Freeze, programu ya kugandisha diski, kwenye C yenye Windows, akaacha D kwa ajili ya kazi za wateja. C iko safi, lakini kule D mafolda yanageuka shotikati kila mara, na fundi ameshaiformati D mara mbili. Sasa anataka tugandishe na D, eti sitahitaji tena antivirusi wala bakapu. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, dada. Akigandisha D, kadi za harusi utakazohifadhi leo hutazikuta kesho. Deep Freeze haijui kirusi ni kipi na kazi ya mteja ni ipi. Chochote kilichoandikwa baada ya kugandisha kinatupwa mashine ikiwaka upya. Ndiyo kazi yake, na kwenye C inaifanya vizuri.

Na hayo mafolda kuna uwezekano mkubwa kwamba hayakupotea kamwe. Virusi vya aina hiyo huyaficha tu na kuweka shotikati mahali pake. Ungesafisha D kwa antivirusi iliyosasishwa, kisha ukaandika attrib -h -r -s /s /d D:\*.* kwenye dirisha la amri, mengi yangejitokeza. Fundi akaformati! Mara mbili! Kazi za watu zilikuwa palepale, akazifuta yeye.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba ukishagandisha umelinda data. Umelinda Windows, basi. C na D ni vyumba viwili ndani ya diski moja, na umeme ukiiua diski hiyo, vyote vimekwenda. Tena C iliyogandishwa haimzuii kirusi kufanya kazi tangu unapowasha mashine asubuhi hadi utakapoizima. WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, ilifunga mafaili kwenye kila diski iliyoifikia. Ukiwasha upya, C inarudi safi kama mpya, lakini D imebaki imefungwa na huna la kufanya.

Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu la Windows ambalo WannaCry ilipitia Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Sasa mashine iliyogandishwa moja kwa moja, kila kiraka inachopokea inakitupa ikiwaka upya. Lazima kuwe na ratiba: mara moja kwa wiki unaiyeyusha, yaani unazima ugandishaji kwa muda, unasasisha Windows na antivirusi, unaikagua, ndipo unaigandisha tena. Fundi wako alikuwekea ratiba hiyo? Sidhani.

Nasikia pia wanaouza System Restore ya Windows kama bakapu. Ile inarudisha mafaili ya mfumo, rejista (mipangilio ya Windows) na programu. Nyaraka zako haizigusi, na virusi vingi vya kudai fidia huanza kwa kufuta hizo pointi za kurudia.

Halafu kuna Deep Freeze za kukreki zinazotembea kwenye flashi. Unaambiwa zima antivirusi kwanza, ndipo uiweke. Kama ilikuja na kirusi, umekigandisha pamoja na Windows: utakifuta mchana, na kila ukiwasha upya kimerudi kama kilivyokuwa. Nimeletewa mashine za namna hiyo, mwenyewe akiapa kwamba amerogwa.

Kwako wewe: C ibaki imegandishwa, D ibaki wazi lakini antivirusi iwepo, na folda za Desktop na Documents uzihamishie D ili mteja asipoteze kazi kwa kubonyeza Save tu. Nunua eksteno mbili, yaani diski za nje za kuchomeka, unakili D kila jioni kwa zamu, ukimaliza uchomoe. Eksteno inayobaki imechomekwa usiku kucha itafungwa na kirusi pamoja na D. Mara mojamoja fungua nakala uone kama inafunguka kweli.

Fundi mwingine akija na dawa ya kugandisha kila kitu, muulize: diski hii ikifa sasa hivi, kazi za wateja ziko wapi? Akianza kukueleza habari za C na D, mpe nauli arudi kwake.