Kabla Hujagusa Programu, Soma Jibu la Seva

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mwanza, kijana anayesimamia kompyuta za kampuni moja. Mfumo wao wa mishahara umegoma kupokea watumiaji kupitia Active Directory, ile saraka ya Microsoft inayotunza akaunti na nenosiri za watumiaji, bosi amenuna, na yeye ameshaiondoa programu na kuiweka upya. "Kaka, nimebakiza nini cha kujaribu?" aliuliza. Namjibu hapa hadharani, maana najua wengi mnaonisoma mko kwenye kazi hii hii na mnataka siku moja mkabidhiwe seva kubwa na muaminiwe nazo.

Mdogo wangu, jambo la kwanza bado hujalifanya: kusoma seva imejibu nini.

Dirisha la programu litakuambia tu kwamba jina au nenosiri si sahihi. Maneno hayo yameandikwa kwa ajili ya mhasibu, hayamsaidii fundi. Fungua logi ya programu, yaani faili inamoandika kila kinachotokea. Ukikuta LDAP, lugha ambayo programu huitumia kuongea na saraka, imerudisha kosa namba 49, usiishie hapo, soma mstari mpaka mwisho, pale penye neno "data". Active Directory inataja sababu hapo: 52e ni nenosiri lisilo sahihi, 525 mtumiaji hajulikani, 532 nenosiri limeisha muda, 533 akaunti imezimwa, 773 mtumiaji anatakiwa abadilishe nenosiri kwanza, 775 akaunti imefungwa kwa kukosewa nenosiri mara nyingi. Programu inayakusanya yote hayo na kuyapa ujumbe mmoja.

Nalijua hili kwa sababu lilinigharimu. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi Dar es Salaam ilipata tatizo kama lako, tena mwisho wa mwezi, mishahara inasubiriwa. Nilifungua logi nikaona 775 kwenye akaunti ya huduma, ile ambayo programu yenyewe huitumia kutafuta watumiaji kwenye saraka. Niliifungua, watu wakaingia, na baada ya muda mfupi ikajifunga tena. Nikasema wazi kikaoni: kuna mashine mahali fulani bado inabisha hodi kwa nenosiri la zamani. Nenosiri la akaunti ile lilikuwa limebadilishwa wiki hiyo kwa agizo la wakaguzi. Hakuna aliyenisikiliza. Aliitwa mtaalamu wa nje, akalipwa vizuri, akaweka programu upya kuanzia mwanzo. Sitawachosha na siku zile. Tatizo lilibaki palepale.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za usalama za seva. Tukio namba 4740 lilithibitisha kufungwa kwa akaunti, na matukio namba 4625, yale ya kuingia kulikoshindikana, yakabeba anwani ya IP ya seva ya zamani ya ripoti. Ilikuwa imesahaulika kwenye kona ya chumba cha seva, ndani yake mna nakala ya programu ile ile yenye nenosiri la zamani. Tukabadilisha nenosiri pale, mambo yakatulia. Hakuna aliyesema ahsante, na taarifa ya kazi iliandikwa kwa jina la mtaalamu. Nikiri kwamba bado linaniuma. Lakini tangu siku hiyo siingii kikaoni bila mstari wa logi mkononi, nimeuchapisha na kuuwekea tarehe. Na wewe fanya hivyo. Maneno yako wanaweza kuyapuuza, mstari wa logi ni vigumu kuupuuza.

Sasa, kama hakuna namba yoyote kwenye logi, ila programu inalalamika kwamba haiwezi kuwasiliana na seva, basi hujafika hata mlangoni. Hapo nenosiri halihusiki kabisa, acha kulibadilisha. Jaribu poti (mlango wa mawasiliano wa seva) 389, au 636 kama mawasiliano yamesimbwa, na ujaribu ukiwa kwenye mashine ile ile inayoendesha programu. Kompyuta yako ya mezani inaweza kupita mahali ambapo fayawoli, ule ukuta wa ulinzi wa mtandao, inaizuia seva ya programu. Hakikisha pia jina la seva linatafsiriwa na DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP, kuwa anwani sahihi.

Kwenye 636 tatizo mara nyingi ni cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva. Programu nyingi za biashara zimeandikwa kwa Java, na Java kwa kawaida ina hifadhi yake ya vyeti. Kukiweka cheti kwenye Windows pekee hakutoshi. Tena tangu toleo la 8u181 la Julai 2018, Java hukagua kama jina uliloandika kwenye mipangilio linalingana na lililo kwenye cheti. Ukiweka IP badala ya jina kamili la seva, na IP hiyo haimo kwenye cheti, utakataliwa hata kama cheti ni halali. Nimeona sasisho la kawaida la Java likiangusha mfumo uliokuwa ukifanya kazi kwa miaka, na fundi wa watu akilaumiwa.

Tumia ldapsearch, amri ya kuuliza saraka moja kwa moja, kujaribu kuingia kwa akaunti ile ile ya huduma, nje ya programu. Ikikubali, tatizo liko kwenye mipangilio ya programu: mzizi wa utafutaji (sehemu ya saraka ambapo utafutaji unaanzia), au kichujio kinachotafuta uid mahali ambapo watu wenu wametambulishwa kwa sAMAccountName, sehemu ambayo Active Directory huweka jina la kuingilia. Na kama baadhi tu ya watumiaji hawaonekani, kumbuka Active Directory kwa kawaida hairudishi zaidi ya majina 1000 kwa ombi moja. Programu lazima iombe kwa kurasa, yaani fungu moja baada ya jingine.

Ukimaliza, jaribu kuingia kwa jina sahihi na nenosiri tupu. Baadhi ya seva za saraka hulichukulia ombi hilo kama la mgeni asiyejitambulisha na kujibu kwamba limefaulu, na programu iliyoandikwa vibaya itamfungulia mtu yeyote. Ikikufungulia, wapigie watengenezaji wa programu leo hii, kabla mishahara haijaingizwa.