Kisumu hadi Ahero kwa baiskeli: subiri pakauke kwanza

Ndugu, umeuliza kama baiskeli ya gravel (ile ya tairi pana kidogo kwa njia za vumbi na changarawe) itafaa kutoka Kisumu hadi mashamba ya mpunga ya Ahero. Inafaa sana, uwanda wa Kano utakaopita wote ni tambarare, ila angalia mvua kwanza maana ule udongo mweusi ukilowa unanata kwa tairi na breki mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, hapo ni kuibeba tu, kwa hivyo Machi mpaka Mei achana nayo kabisa. Tairi za milimita 40 hivi, upepo usijaze sana. Toka alfajiri, mchana upepo wa ziwani unavuma na ukirudi utakupiga usoni. Njia za kando ya mifereji ni nyembamba, wakulima wanapita na magunia, wapishe jamani. Maji ya mfereji usinawie hata miguu, kichocho kipo, beba yako.