Mtetezi wa bunduki Marekani amuulize mgombea majaji wake ni kina nani

Swali la wiki liliuliza: "Mhafidhina wa Marekani anayeitanguliza haki ya kumiliki bunduki anatumia kipimo gani kumchagua mgombea urais, na je, kipimo hicho ni sahihi?"

Kipimo sahihi ni majina ya majaji. Wahafidhina wanaoijua sheria yao wanalifahamu hilo vizuri, ila wengi bado wanasombwa na kauli za jukwaani. Mgombea akisimama mbele ya umati na kuapa kwamba hakuna atakayegusa bunduki za wananchi, hajaahidi kitu kinachoweza kupimwa. Akitaja watu anaokusudia kuwapeleka Mahakama ya Juu, hapo kuna jambo la kushika.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anahitaji kwanza kuona tofauti ya msingi. Kwetu silaha ni kibali: mwombaji anaeleza kwa nini anaihitaji, mamlaka inaamua, na inaweza kuichukua leseni yake. Kule Marekani haki ya kuwa na silaha imeandikwa kwenye Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, kwa sentensi moja inayotaja pia wanamgambo waliopangwa vizuri. Kwa zaidi ya miaka 200 watu walibishana kama haki hiyo ni ya mwananchi mmoja mmoja au ni ya wanamgambo. Mahakama ya Juu ilikuja kutoa jibu la wazi tarehe 26 Juni 2008, katika kesi ya Heller dhidi ya jiji la Washington, lililokuwa limepiga marufuku bastola hata ndani ya nyumba. Haki ni ya mtu binafsi, alisema Jaji Antonin Scalia katika hukumu iliyopita kwa kura 5 dhidi ya 4. Miaka miwili baadaye kesi ya McDonald iliyabana majimbo na miji kwa kanuni ileile, tena kwa 5 dhidi ya 4. Ndiyo maana mtetezi wa bunduki halali usingizi akisikia jaji mmoja anaumwa: haki anayoiona ya kuzaliwa nayo ilikuwa imeshikiliwa na kura moja.

Scalia alifariki tarehe 13 Februari 2016, katikati ya kampeni. Donald Trump hakuwa amewahi kupiga kura bungeni, hivyo Chama cha Taifa cha Bunduki, NRA, hakikuwa na rekodi ya kumpimia. Kwa kawaida NRA huwapa wanasiasa alama kama za shuleni, A+ hadi F, kwa kuangalia kura zao na majibu yao kwenye dodoso. Asiyejibu huwekewa alama ya kuuliza. Kidogo kilichojulikana juu ya Trump hakikuwa kizuri kwao, kwani mwaka 2000 aliandika kwamba anaunga mkono marufuku ya bunduki za mtindo wa kivita. Tarehe 18 Mei 2016 alitoa orodha ya majina 11 ya watu ambao angewafikiria kwa kiti cha Scalia. Siku mbili baadaye, mjini Louisville, NRA ikatangaza kumuunga mkono. Kwa kupanga tarehe hizo mbili pamoja unaelewa biashara iliyofanyika pale, na mimi naiona kuwa biashara ya haki: mpigakura alipewa kitu cha maandishi, kilichoweza kukaguliwa.

Akawateua Neil Gorsuch mwaka 2017, Brett Kavanaugh 2018 na Amy Coney Barrett 2020. Matokeo yalionekana tarehe 23 Juni 2022 katika kesi ya Bruen. Sheria ya New York, iliyokuwa na zaidi ya karne moja, ilimtaka anayeomba kubeba bastola hadharani athibitishe kwamba ana hitaji la pekee kuliko raia wa kawaida. Mahakama iliifuta kwa 6 dhidi ya 3, na wote watatu wa Trump walikuwa upande wa wengi. Bruen ilileta pia kipimo kipya: sheria ya bunduki ikipingwa, serikali inatakiwa ionyeshe kwamba inafanana na sheria za enzi za waasisi, na hoja kwamba inalinda usalama haitoshi tena. Tangu hapo mawakili wanafukua sheria za karne ya 18, na majaji wa chini wametoa hukumu zinazogongana. Mwaka 2024, kwa 8 dhidi ya 1, Mahakama yenyewe ikalazimika kufafanua katika kesi ya Rahimi kwamba haihitajiki sheria pacha ya zamani. Kanuni inayofanana inatosha, na aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Mwezi Machi 2025 ikaziacha zisimame kanuni zinazodhibiti bunduki zisizo na namba, zile zinazouzwa kama vifurushi vya vipande vya kuunganishia nyumbani. Hukumu hiyo ya 7 dhidi ya 2 aliiandika Gorsuch. Anayedhani kwamba jaji wa rais ni mtumishi wa rais na aisome.

Sehemu ambayo mgombea huyohuyo alianguka kwa kipimo cha wahafidhina ni bampu stoki. Nitaieleza taratibu kwa sababu habari nyingi ziliipita juujuu. Ni kitako cha plastiki kinachofungwa mahali pa kitako cha kawaida kwenye bunduki ya nusu otomatiki. Risasi ikitoka, kishindo kinairudisha bunduki nyuma, nayo inateleza ndani ya kitako hicho. Mkono wa mbele wa mpigaji unaisukuma mbele tena, kisha kifyatulio kinakigonga kidole kilichotulia kwenye kibao chake. Mpigaji hakunji kidole tena. Bunduki ndiyo inayokifuata. Risasi hutoka kwa kasi inayokaribia ya rashasha.

Vifaa hivyo vilitumika Las Vegas tarehe 1 Oktoba 2017, ambapo watu 58 waliuawa kwenye tamasha na wengine wawili wakafa baadaye kwa majeraha yao. NRA yenyewe ilisema siku chache baadaye kwamba vinahitaji kudhibitiwa zaidi. Desemba 2018 serikali ya Trump, kupitia ATF, wakala wa serikali kuu anayesimamia silaha, ilitangaza kwamba bampu stoki ni rashasha. Wenye navyo wakapewa siku 90 wavivunje au wavisalimishe, bila fidia. ATF ilikadiria kwamba huenda vilikuwepo hadi 520,000 mikononi mwa raia. Gun Owners of America, kundi lenye msimamo mkali kuliko NRA, likaishtaki serikali ambayo wanachama wake wengi walikuwa wameipigia kura.

Kosa lilikuwa wapi? Sheria inaitambua rashasha kuwa ni silaha inayotoa zaidi ya risasi moja, yenyewe, kwa tendo moja la kifyatulio. Kwa bampu stoki kifyatulio hufanya kazi upya kwa kila risasi. Hivyo ndivyo Mahakama ilivyosema tarehe 14 Juni 2024 ilipoifuta kanuni hiyo kwa 6 dhidi ya 3, na majaji watatu walioteuliwa na Trump waliungana na walio wengi kuifuta kanuni ya Trump. Jaji Samuel Alito aliongeza kwamba Bunge linaweza kubadilisha sheria likitaka. Nakubaliana naye kabisa. Rais aliyetaka marufuku ya kudumu angekwenda bungeni wakati hasira za nchi zilikuwa bado mbichi. Aliyetumia kalamu ya wakala aliwafundisha waliomfuata kutumia kalamu hiyohiyo: mwaka 2023 ATF ya Joe Biden iliziingiza bastola nyingi zenye kitegemeo kinachofungwa kwenye mkono wa mpigaji kwenye kundi la bunduki fupi zinazosajiliwa, na kanuni hiyo nayo ikafutwa na mahakama ya Texas.

Wahafidhina wana sababu za zamani za kutoamini maneno. Ronald Reagan, wa kwanza kuungwa mkono na NRA katika mbio za urais, mwaka 1980, ndiye aliyetia saini mwaka 1967, akiwa gavana wa California, sheria ya kuzuia kubeba hadharani bunduki yenye risasi, baada ya Black Panthers, kundi la wanaharakati Weusi, kuanza kulinda mitaa yao wakiwa na silaha. Mwaka 1994 aliunga mkono marufuku ya bunduki za mtindo wa kivita, iliyodumu hadi 2004. George Bush mkubwa alijitoa NRA mwaka 1995 kwa kukerwa na barua ya kuchangisha fedha iliyowatukana maofisa wa serikali. Mitt Romney, akiwa gavana wa Massachusetts, alitia saini marufuku ya kudumu ya bunduki hizo mwaka 2004, kisha 2012, akigombea urais, NRA ikamuunga mkono. Na Trump, wiki mbili baada ya mauaji ya shule ya Parkland mwaka 2018, aliwaambia wabunge mbele ya kamera kwamba ni afadhali kuchukua bunduki kwanza, taratibu za kisheria zifuate. Kauli hiyo ingetoka kwa mgombea wa Democratic ingekuwa tangazo la kampeni kwa miaka 10.

Ahadi zinazohitaji Bunge zipunguzwe uzito, kwa hesabu tu. Seneti ina viti 100 na muswada wa kawaida unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe. Muswada wa kulazimisha majimbo yote yatambue kibali cha kubeba bastola kilichotolewa jimbo lingine ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 kwa 231 dhidi ya 198, ukafia Seneti ingawa Republican walikuwa na wingi na Ikulu. Mwaka 2025 walijaribu njia ya bajeti, ambayo wingi wa kawaida unatosha. Walifanikiwa kushusha hadi sifuri kodi ya dola 200, iliyowekwa 1934, kwa vifaa vya kupunguza mlio na bunduki zenye mtutu mfupi, kuanzia 1 Januari 2026. Usajili, alama za vidole na picha vilibaki, kwa kuwa njia ya bajeti inaruhusu mambo ya fedha tu.

Dukani ndiko haki hii inapopita kila siku. Mnunuzi kwa muuzaji mwenye leseni anaonyesha kitambulisho chenye picha na anwani, anajaza fomu 4473, na kujibu kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa zito, anatumia bangi, ana amri ya mahakama, au anajinunulia mwenyewe. Kudanganya ni jinai. Muuzaji anaulizia mfumo wa FBI ulioanza Novemba 1998, naye anajibiwa: endelea, subiri, au kataa. Zikipita siku 3 za kazi bila jibu la mwisho, sheria ya serikali kuu inamruhusu kuuza, isipokuwa kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21, ambaye tangu 2022 anaweza kusubirishwa hadi siku 10 za kazi. Mwaka 2015 muuaji wa waumini 9 wa kanisa la Charleston alipata bastola kwa mwanya huo, baada ya mkaguzi kuitafuta rekodi yake kwenye idara ya polisi isiyo sahihi. Wahafidhina wanapinga kuondoa kikomo hicho: subira isiyo na mwisho, wanasema, ni marufuku kwa jina lingine. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini anayeitoa anawajibika kudai rekodi zifike kwenye mfumo kwa wakati, na sheria ya Machi 2018 iliyozibana idara za serikali zipeleke rekodi zao ilitungwa na seneta wa Republican kutoka Texas na kutiwa saini na Trump. Hayo ni mafanikio ya kihafidhina ambayo hayatajwi vya kutosha.

Kuna pia fundo ambalo wengi hulikwepa. Tarehe 30 Mei 2024 Trump alitiwa hatiani New York kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara. Kwa kawaida sheria ya serikali kuu inamkataza kuwa na bunduki mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja, hata kama hakumwaga damu. Barrett, akiwa jaji wa rufaa mwaka 2019, aliandika kwamba kuwanyima silaha wasio wakatili hakuna mzizi katika historia. Mhafidhina anayekubaliana naye akubali pia kwamba hilo linamhusu kijana maskini wa Chicago aliyeghushi hundi.

Kwa Waswahili walioko huko: mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani wanaweza kununua kwa mujibu wa sheria ya serikali kuu. Mwanafunzi, mfanyakazi wa mkataba na mgeni mwenye viza ya muda hawaruhusiwi hata kushika bunduki kwenye uwanja wa kulengea shabaha, isipokuwa wawe na leseni halali ya uwindaji au wanaingia kwenye msamaha mwingine wa sheria. Hatia ya bunduki inaweza kumfukuzisha mtu nchini. Anayetumia bangi, hata iliyo halali jimboni, bado anaweza kunyimwa bunduki na sheria ya serikali kuu.

Waliokwisha kula kiapo cha uraia na watakaopiga kura 2028 wanaweza kumbana mgombea kwa mambo mahususi. Nani atamwandalia orodha ya majaji, na ataitoa kabla ya kura za mchujo? ATF atamkabidhi nani, na kanuni ipi ataifuta kwanza? Mawakili wa serikali wataitetea mahakamani sheria inayowanyima silaha waliotiwa hatiani kwa makosa yasiyo ya ukatili, au wataiacha? Na rekodi za mnunuzi aliyeruhusiwa, ambazo leo zinatakiwa kufutwa ndani ya saa 24, zitaendelea kufutwa?