Mama anapokosea chenji ya dagaa: dalili za mwanzo za demensia

Mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, hahitaji kalamu. Mteja akitaja visado vitatu na nusu, bei inamtoka mdomoni kabla gunia halijafunguliwa. Mama huyo akianza kurudisha chenji pungufu kila siku ya pili, akapima kisado kilekile mara mbili, au akamuuliza binti yake "huyu ameshalipa?" na noti bado anayo mkononi, hapo kuna jambo la kufuatilia: huenda ni demensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kidogokidogo. Akisahau jina la mjukuu wa tano wa dada yake, mwache, hilo ni la kila mtu.

Wengi huangalia kusahau. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kushindwa kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya bila hata kufikiri. Na usimpime mama yako kwa jirani. Mpime kwa yeye mwenyewe wa miaka miwili iliyopita. Mwalimu mstaafu anaweza kujibu maswali ya daktari vizuri kabisa huku nyumbani hajui tena kulipa bili ya maji, na mkulima ambaye hakukanyaga shule anaweza kushindwa kutaja tarehe ya leo na asiwe na ugonjwa wowote. Kwa sababu hiyo watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kisichodai kusoma wala kuandika: mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, kisha anakumbuka maneno aliyotajiwa mwanzoni.

Nyumbani dalili hujificha kwenye mambo ya kawaida. Mzee wa bao anashika kete mkononi, asijue aendelee upande gani. Aliyeishi Igoma miaka thelathini anashuka kituo chake na kuuliza njia. Chai yenye chumvi mara moja ni haraka tu. Sufuria tupu jikoni, moto unawaka na yeye amekaa anasubiri, si haraka. Simu inakutwa kwenye ndoo ya unga, halafu dada wa kazi anaitwa mwizi. Swali moja linarudi mara sita ndani ya saa moja, kwa sauti ileile, kana kwamba halijawahi kuulizwa.

Wengine hawaanzi kwa kusahau kabisa. Baba mpole anaanza kutukana mbele ya wakwe, au ananunua vitu asivyovihitaji. Mwingine anaona watoto wamekaa chumbani ambao hawapo. Na kwa aliyekua akizungumza Kisukuma au Kikerewe, Kiswahili alichojifunza baadaye kinaweza kulegea kwanza, watoto wa mjini wakadhani babu kawanunia.

Kasi ndiyo inayokuambia ukimbie au utembee. Kwa kawaida demensia huja kwa miezi na miaka. Aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi anaongea ovyo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, kuishiwa maji au sukari iliyoshuka. Mzee aliyeanguka, hata kama ilikuwa wiki tatu zilizopita na hakutoka damu, akianza kusinzia na kuchanganyikiwa anahitaji picha ya kichwa. Damu huweza kuvilia polepole juu ya ubongo, na hiyo inaweza kutolewa kwa upasuaji.

Kama mabadiliko ni ya polepole, chukua daftari na uandike kwa wiki nne. Tarehe, saa, na kilichotokea hasa. "Amechanganyikiwa" haimsaidii daktari; "saa mbili usiku alivaa nguo za kanisani, akataka kwenda shamba" inamsaidia. Andika alivyolala, alivyokula na kama alipata haja kubwa. Kisha tia kwenye mfuko mmoja dawa zote anazotumia, za duka na za mitishamba, uende nazo. Wakati mwingine mkosaji yumo humo. Piriton ya mafua, amitriptilini ya sonona na diazepamu ya kutuliza huzubaisha kichwa cha mzee, na metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, ambayo upungufu wake peke yake unaweza kuharibu kumbukumbu. Anzia kituo cha afya: presha, sukari, wingi wa damu, mkojo, malaria, VVU, kaswende. Kipimo cha tezi ya shingo, B12 na picha ya CT vinaweza kuhitaji rufaa, kwa wa Mwanza ni hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Usikubali jibu la "ni uzee" kabla hivyo havijafanyika.

Kuhusu kinga, jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa yakishughulikiwa. La kwanza kulishika ni presha, kuanzia miaka 40, si 70. Namba ya juu ibaki 130 au chini. Ipime umekaa dakika tano kimya, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila chai wala sigara nusu saa kabla, mara mbili. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapa kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ndiyo mtego wetu: iloweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili, usiongeze chumvi kwenye mchuzi. Tembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Vaa kofia ngumu kwenye bodaboda. Sikio lisilosikia lipelekwe kliniki, pengine ni nta tu, na njiti ya kiberiti haiitoi bali inaisukuma ndani. Vidonge vya "kuongeza akili" vinavyouzwa mitandaoni achana navyo. Bao chini ya mwembe lina faida zaidi, maana lina kete na lina watu.

Demensia haina tiba ya kuiondoa, ingawa zipo dawa zinazopunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa. Huku kwetu kuna hatari nyingine ya haraka zaidi. Bibi aliyepotea njia, akakutwa saa nane usiku kwenye ua wa watu, hajui kujieleza, macho mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni na samadi: Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa chini ya hapo. Kwa hiyo ugonjwa usifichwe. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, majirani na vijana wa ulinzi mchana kweupe, mkiwa na cheti cha hospitali, kabla usiku huo haujafika. Taa ndogo iwake njia ya choo, komeo la mlango liwekwe juu asipozoea kulitafuta, na mtu alale karibu naye. Akisema anataka kwenda kwa mama yake aliyefariki zamani, usibishane. Muulize mama alikuwa akipika nini, mtembeze uani, atulie. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe kwenye pindo la kanga yake kwa uzi, si kwa pini. Pini ataifungua.