Mashine ya alizeti, mashudu na misiba ya majirani

Mi nilirudi kijijini huku Iramba, Singida, na mashine ya kukamua alizeti nikijua kabisa watu watajaa, maana karibu kila nyumba inalima alizeti. Wiki tatu za kwanza nikakamua gunia nne. Nne! Na mbili zilikuwa za mama mdogo.

Watu wanapita na mikokoteni hapo hapo mbele yangu wanapeleka kwingine. Nikaanza zile lawama zetu, ooh watu wa kwetu hawapendi kuona mtu anainuka, roho mbaya tu. Kumbe wapi. Jirani mmoja mtu mzima ndo akaniambia, "Mwanangu, mashudu unabaki nayo wewe, nguruwe wangu wale nini?" Mi nilikuwa nachaji bei ndogo alafu mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, nayauza najiona mjanja, kule wanakoenda wanalipa zaidi kidogo ila wanarudi na mashudu yao. Nikabadilisha, mtu achague: alipe hela aondoke na mashudu, au akamuliwe bure aniachie. Foleni ikaanza msimu huo huo. Kwa hiyo ukitaka sapoti ya wanakijiji, kwanza waulize wanakosa nini kwako, usianze na kuwaita wachawi.

Kingine ni kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Niliingia kama mwanachama wa kawaida tu, nanunua hisa kila Jumatano, natoa na hela ya mfuko wa jamii, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Mota ilivyoungua mwezi wa 6, alizeti ndo inamiminika kutoka shambani, mkopo nilipata pale pale. Na utamu ndo uko hapo, maana riba yangu wanakuja kugawana wenyewe tukivunja mwisho wa mwaka, mashine ikisimama na wao inawauma, basi wakaanza kunitafutia wateja mpaka vijiji vya jirani bila hata kuwaambia.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba, iombeni, ila kikundi kiwe kinafanya kazi kabla ya hela. Nimeona watu wamejuana siku ya kujaza fomu, hela ilivyoingia mmoja kahamia mjini, waliobaki wanasumbuliwa na marejesho mpaka leo.

Alafu misiba. Hii hakuna semina ya ujasiriamali watakufundisha. Kuna siku palifiwa nyumba ya nne kutoka kwangu, mi nikatuma rambirambi kwa simu nikaendelea kukamua, mngurumo unasikika mpaka matangani. Siku nne hakukanyaga mtu, hata mama mdogo. Sahivi kukiwa na msiba nazima mashine asubuhi, nabeba madumu ya maji naenda, na gunia za watu zinasubiri tu pale nje hakuna anayelalamika.