Kuhusu hiyo kuruka yako ya Desemba

Mwanangu, meseji yako nimeiona. Unauliza kama kuruka na parachuti kutoka ukingo wa bonde hapa Iten Desemba ni salama. Mimi nitakuambia mambo ya upepo, hiyo salama sijui nani anaijua.

Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kiangazi, upepo unatoka mashariki, unavuka bonde lote la Kerio kutoka upande wa milima ya Tugen, ukifika kwa huu ukuta wetu wa mawe hauna pa kwenda ila juu. Saa tatu, saa nne asubuhi ni mtamu sana. Ikifika saa sita jua limeshachoma mawe huko chini, hewa moto inapanda kwa nguvu, parachuti inarushwa kama karatasi ya mkate. Ndio maana nasema kila siku, angalia mwewe. Akizunguka ametulia bila kupiga bawa, nenda. Akikaa kwa mti, na wewe kaa.

Unakumbuka nilipokuwa nabeba wageni na pikap, nawaacha hapo ukingoni alafu nateremka kona za Tambach kuwatafuta chini? Siku moja rubani akaniambia dereva, leo twende na wewe, bure. Nikafungwa mikanda, kofia, kila kitu, majirani wanaangalia, mamako na thermos yake mkononi, na mbele ya viatu vyangu ni zaidi ya mita 1,000 za hewa tupu. Nikasema wacha kwanza nikaangalie kama gari nimefunga. Na gari iko hapo nyuma yetu, madirisha wazi, kila mtu anaiona!

Kijana wa mahindi choma akachukua nafasi yangu. Nikiteremka nikamuona yuko juu, juu hata ya pale tuliposimama, anapiga nduru ya furaha. Na mwewe siku hiyo alikuwa anazunguka, ametulia kabisa. Hapo ndio paliniuma, sheria ni yangu na sikuifuata. Lakini mguu ukikataa si umekataa? Ama ni woga tu? Mamako anasema woga, na tukitoka kwenda kanisani bado ananiuliza kama gari nimefunga.

Sasa kama ningekuwa wewe... hapana, wacha, wewe ni mtu mzima. Fika jioni ya kabla, ulale mapema, saa mbili na nusu tuwe ukingoni. Mimi nitateremka nikungoje huko chini na maji. Mamako sijamwambia.