Mume asema nyufa, mkwe asema nyoka

SWALI: Shikamoo Mzee wa Bustani. Nyumba yetu iko Tanga, ya tofali za saruji. Ukuta wa chumbani unaoelekea magharibi unapigwa na jua la jioni. Hata saa nne usiku ukiugusa una moto. Jirani amenipa kipande cha mmea ule wa majani madogo unaojibandika wenyewe ukutani. Mume wangu anasema utapasua ukuta, mama mkwe anasema utaleta nyoka. Niupande?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza chukua sarafu uugonge ukuta wote. Panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na tofali. Mmea huo, jamaa wa mtini, hujishika kwa vijizizi vyenye utomvu wa kunata. Ukuta mzima hauupasui, mumeo amezidisha. Lakini lipu iliyoachia, au ufa wa zamani, ndio mlango wake.

Nakwambia kwa lililonipata. Nyumba ya marehemu bibi yangu ilikuwa ya mawe na chokaa, na mmea huohuo uliufunika ukuta wa uani, kila mgeni akausifu. Siku ya kupaka rangi nikalishika shina, nikavuta. Ukaja na lipu yake, pande zima la upana wa sinia la pilau, likaniangukia mguuni. Ningeukata chini, nikauacha ukauke wiki kadhaa, kisha nikaukwangua taratibu, pesa ya fundi ingebaki mfukoni. Kwenye nyumba za mawe na chokaa sikushauri kabisa.

Wewe panda pasheni. Yenyewe haijibandiki, hujisokota kwenye waya kwa vikono vyake. Piga kulabu, vuta waya, uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili hewa ipite. Jua liishie kwenye majani. Shimo lichimbe hatua moja mbali na ukuta, maana chini ya upenu mvua haifiki na udongo umejaa makombo ya saruji. Chagua ya njano. Ya zambarau ni ya kina Lushoto kwenye baridi. Panda miche miwili ya mbegu, kwani ya njano haizai vizuri kwa chavua yake yenyewe. Na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti, ambao huenda mumeo anawapiga kandambili, ndio wachavushaji wake. Muombe awavumilie.

Ikikaribia bati, kata. Majani yakiziba mfereji, maji yatarudi ukutani.

Kuhusu nyoka, mama mkwe hakukosea sana. Kichaka kilichogusa ardhi hufuga panya, na nyoka humfuata panya. Safisha shina hadi usawa wa goti, wala usirundike makuti pale chini.

Kipande cha jirani usimrudishie, atanuna. Kioteshe kwenye kisiki cha mnazi, kiparamie huko.